Kiangazi kisibebwe na mama mwenye ndoo
Hotuba ya muuguzi mkunga mstaafu kwenye mkutano wa kijiji, wilayani Handeni, mkoani Tanga

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, Mtendaji, wazee wetu, sheikh wetu na mchungaji wetu, kina mama, vijana, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niseme juu ya jua na maji. Wengi mnanijua kwa uuguzi na ukunga, na baadhi yenu mikono hii ndiyo iliyowapokea mlipozaliwa. Kwa hiyo nitasema kama mkunga, bila kuzungukazunguka.

Tuko Septemba. Vuli, Mungu akijalia, itaanza Oktoba. Ikija tutashukuru, tutapanda, na habari ya ukame tutaisahau. Isipokuja, itakapofika Januari, kaskazi inavuma na lambo limebaki tope, tutaitana tena hapa kuulizana tufanyeje. Wakati huo yanayowezekana yatakuwa machache mno. Ndiyo maana nilimsihi Mwenyekiti mkutano huu ufanyike sasa.

Nina jambo moja la kusema. Kila mvua inapokata, mzigo wa kijiji kizima unahamia kichwani kwa mama na binti yake. Tunajipongeza kwamba tumevuka kiangazi salama, kumbe tumevuka kwa sababu wao walitembea zaidi, walilala kidogo, na walikunywa maji wa mwisho. Nataka mzigo huo tuugawane, na tuanze kuugawana kabla jua halijachachamaa.

Tupige hesabu kidogo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kila mtu kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, na mahali pa kuchotea pasizidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nyumba ya watu 6 basi inahitaji lita 150, yaani ndoo saba na nusu zile za lita 20. Ndoo moja iliyojaa ina kilo 20 na ushei. Sasa lambo la karibu likishakauka, mama anaondoka alfajiri, anapanga foleni, anarudi na ndoo moja. Akijitahidi sana anarudi tena jioni na ya pili. Nyumba ile ile ya watu 6 sasa inaishi kwa lita 40. Kwanza kunaachwa kunawa mikono. Kisha kuoga. Kisha nguo za mtoto. Mwisho mama anajinyima mwenyewe, kwa sababu hawezi kumpa mtoto kikombe kitupu. Zahanati tulikuwa tunaiona hesabu hii kwa sura nyingine: watoto wanaharisha, upele, macho mekundu, na kina mama wenye maumivu ya njia ya mkojo wanaoona haya kusema.

Nendeni mkaangalie lambo mwezi wa pili. Ukingoni pamejaa nyayo za ng'ombe, kila unyayo una maji yake ya kijani na viluwiluwi. Katikati kuna dimbwi lenye rangi ya chai ya maziwa. Mwanamke anaingia mpaka magotini, anasukuma povu kando kwa kiganja, anateka kwa kata taratibu ili asichafue zaidi, anachuja kwa upande wa kanga. Anayemfuata anasubiri tope litulie. Wengine wanakwenda kwenye mto uliokauka, wanafukua mchanga mpaka maji yachuruzike, na hapo mtu anaweza kukaa saa nzima akijaza ndoo kwa kikombe. Watoto wenu wanayajua haya kuliko mimi, maana wengine hapa leo hawakwenda shule kwa sababu hiyo.

Sasa jua lenyewe. Mwaka mmoja tuliletewa zahanati mwanamke mjamzito, mimba ya miezi saba, amebebwa na wenzake waliomkuta ameanguka njiani na ndoo. Ilikuwa saa saba mchana. Ngozi yake ilikuwa ya moto mpaka unaondoa mkono. Alikuwa anaongea maneno yasiyoungana. Mmoja wa ndugu alisema ni malaria imempanda kichwani, mwingine akasema amepitiwa na jini la saa saba. Tulimlaza sakafuni penye upepo, tukammwagia maji tuliyokuwa tumeyaweka akiba ya kuzalishia, wanawake wakampepea kwa kanga mpaka mikono ikachoka. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Nawaheshimu wazee waliotukataza utotoni kuzurura jua likiwa la utosini. Katazo lile lilikuwa na faida kubwa, na nawaomba wazee mlirudishe. Ila mtu akishaanguka, tusipoteze muda kubishana. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho lazima likauke ndipo lipoze. Maji yakiisha mwilini, jasho linakatika na joto linapanda. Ndugu zetu wa Pangani na Mkinga wana shida ya ziada, kwa sababu upepo wa bahari una unyevu, jasho linatiririka tu bila kukauka, na nyuzi 33 za kwao zinachosha kuliko nyuzi hizo hizo kwenye ukavu wa Dodoma.

Dalili za mwanzo mnazijua ila mnazidharau: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu inakaza, mkojo unakuwa kidogo na wa njano iliyokoza. Mtu huyo akae kivulini, anywe maji kidogo kidogo, apumzike mpaka kesho. Akianza kuchanganyikiwa, akashikwa na degedege au kuzimia, huenda joto la mwili limepita nyuzi 40, na hapo ni suala la kufa na kupona. Mpelekeni kivulini, mpunguzieni nguo, mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, wekeni vitambaa vilivyoloa shingoni, makwapani na kinenani. Aliyepoteza fahamu msimnyweshe kitu chochote, kitamwingia mapafuni. Na wakati mnafanya hayo, mwingine awe ameshakwenda kutafuta pikipiki au gari. Malaria itapimwa huko huko hospitali, ila kumpoza kunaanzia pale alipoangukia.

Kwa wanaoharisha au waliokauka kwa jua, pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zipo zahanati. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, kwa hiyo msikadirie kwa macho. Na mnaomeza dawa za shinikizo la damu, ulizeni zahanati kabla ya kiangazi, maana baadhi ya dawa hizo zinatoa maji mwilini.

Sheikh wetu aniruhusu niguse jambo la Ramadhani. Kwa miaka hii mwezi mtukufu umetuangukia kiangazi. Mwaka 2026 ulianza Februari, na kila mwaka unarudi nyuma kwa siku 10 au 11, kwa hiyo jua hili tutafunga nalo miaka kadhaa. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, na mjamzito au anayenyonyesha anayehofia afya yake au ya mtoto naye ana ruhusa yake. Sheikh analijua hilo kuliko mimi. Ninachoomba alitangaze msikitini mapema, kwa sauti, wanaume wakisikia, kwa sababu kina mama wengi wanafunga wakiwa na mimba na ndoo kichwani kwa kuogopa maneno ya watu. Na anayefunga asilale bila kunywa. Kati ya futari na daku ndipo maji ya kesho yanapoingia mwilini.

Nirudi kwenye maji, maana ndipo kazi yetu ilipo.

Mtu ataniambia: subiri bomba. Nami nalisubiri. Bomba kuu la HTM, yaani Handeni Trunk Main, linaleta maji ya mto Pangani huku Handeni, na mji wetu umo katika ule mradi wa maji wa miji 28. Vijijini tunayo RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu mwaka 2019, na chombo chetu cha watumia maji kinapaswa kutusomea mapato na matumizi hapa hapa mkutanoni. Hayo tuyadai bila kuchoka. Lakini mto Pangani nao unapata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru, umeme unaosukuma pampu nao unakatika, na kijiji cha mwisho wa bomba ndicho cha kwanza kukosa. Kijiji chenye akiba yake hakipigi magoti bomba likikauka.

Akiba yetu iko juu ya vichwa vyetu. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 25, ile moja tu inayonyesha usiku mnene tukafurahi kulala, inadondosha lita 1,200 juu ya nyumba hiyo. Ondoa zinazopotea, bado unajaza simtanki ya lita 1,000. Ndoo 50, mlangoni kwako, na hakuna aliyetembea. Sasa tazameni paa la shule hii. Tazameni la zahanati, la msikiti, la kanisa. Vuli zote zilizopita maji hayo yalimwagika chini, yakachimba msingi, yakaenda zake.

Najua simtanki ni ghali. Ndiyo maana sisemi kila nyumba inunue kesho. Nasema tuanze na shule na zahanati, kwa michango na nguvu zetu, mifereji ya bati ifungwe kabla Oktoba haijafika katikati. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe vizuri, mbu wasizalie. Na maji ya tangi la zahanati yasiguswe kwa kazi nyingine yoyote. Mama anayejifungua asiambiwe aje na ndoo yake.

Lambo pia. Wakati wa kulifukua ni sasa, likiwa limeshuka, maana kila mwaka tope linaingia na lambo linakuwa la kina kifupi, na maji ya kina kifupi yanakaushwa upesi na jua. Lizungushiwe boma la miiba au minyaa. Ng'ombe wasiingie humo. Wajengewe birika lao la kunyweshea upande wa chini. Kaka zangu wafugaji, hili ni kwa faida yenu vilevile, ng'ombe anayekunywa maji aliyoyanyea na kuyakojolea anaugua. Na kufukua lambo isiwe zamu ya kina mama. Wao zamu yao wameshaimaliza barabarani. Jembe, toroli na siku za kufukua ni za wanaume na vijana wa kijiji hiki, na nyumba yenye baiskeli au pikipiki ibebe madumu kwa ajili ya mzee au mjamzito aliye jirani.

Kwa maji ya tope, mbegu za mlonge zikimenywa, zikatwangwa, zikakorogwa ndani ya ndoo na kuachwa zitulie, tope linazama chini. Hapo maji yamekuwa meupe lakini hayajawa salama. Chemsheni, au tieni dawa ya klorini.

Wazee wangu wa Kizigua, kuna habari ambayo nyinyi mnaijua kuliko vitabu, lakini hawa watoto wanastahili kuisikia. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa ilipiga nchi hii. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Simulizi zinasema waliahidiwa kazi na chakula, wakapandishwa majahazi, wakajikuta wameuzwa utumwani Somalia. Baadaye wengi walitoroka wakajenga vijiji vyao kandokando ya mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, wajukuu wa wajukuu wao walikimbia wakaja Tanzania, na wengi wakapewa makazi hapa hapa wilayani kwetu, Chogo, na hatimaye uraia. Njaa ya misimu michache iliwatoa watu kwao kwa zaidi ya miaka 150.

Nimeisema kwa sababu njaa bado inauza watu, kwa njia ya polepole tu. Kwanza kuku. Kisha mbuzi. Kisha ng'ombe aliyekonda, kwa bei ya ngozi. Kisha miti yote ya shambani inaingia kwenye tanuru la mkaa, gunia linakwenda Dar es Salaam, na kivuli chetu kinakwenda nalo. Kisha shamba linawekwa rehani. Na kuna nyumba zinazofika mwisho kabisa, binti anatolewa shule anaozwa. Nimewazalisha wasichana ambao mahari yao yalikuwa magunia ya mahindi ya mwaka wa ukame. Walikuwa watoto, nyonga hazijakomaa, na si wote niliofanikiwa kuwaokoa. Baba mwenye binti, nakuomba, ikifika mahali pagumu namna hiyo njoo kwa Mtendaji, njoo kwa sheikh, njoo kwangu. Usimpeleke mtoto.

Kwa mfugaji, ng'ombe auzwe akiwa bado ana mwili, mara baada ya masika, na fedha iwekwe. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 mifugo ilikufa kwa maelfu Simanjiro, watu wakiwa wameshika mali ambayo haikuwa na mnunuzi tena. Wamasai mna alalili, ile sehemu ya malisho inayofungwa masika ili ifunguliwe wakati mgumu. Kijiji kiitambue, ramani ichorwe, mkulima asiipande, na mfugaji mgeni asiingize mifugo yake bila ruhusa.

Shambani nitasema machache, bwana shamba yupo. Mahindi yanashindwa pale yanapotoa mbelewele. Jua kali na udongo mkavu katika wiki hizo chache vinaua chavua, na unavuna hindi la mapengo hata kama bua lilikuwa refu la kupendeza. Simkatazi mtu mahindi. Naomba tu shamba lisiwe mahindi matupu: mtama uwepo, mbaazi na kunde ziwepo, mihogo iwepo. Kuhusu mtama najua mtasema ndege. Mkipanda majirani kwa pamoja, kwa siku zinazokaribiana, ndege wanagawanyika na ulinzi unagawanyika, mtoto mmoja hapotezi muhula wa shule kufukuza kwelea kwelea.

Ila hapa kama muuguzi lazima niseme jambo zito. Mwaka wa ukame chakula chenyewe kinabadilika. Muhogo ulioteswa na jua unakuwa na sumu zaidi, hasa ule mchungu. Mwaka 1985 huko Tarime, baada ya ukame, watu walikula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, wakaamka miguu imepooza, wengi wakiwa watoto na kina mama. Ugonjwa huo unaitwa konzo na miguu hairudi kama zamani. Njaa ikibana tunafupisha siku za kuloweka na kuanika, na hapo ndipo tunapoumia. Muhogo mchungu ulowekwe mpaka ulainike, kisha uanikwe ukauke kabisa. Na unga wa bada, yaani wa muhogo, kabla ya kupika, uchanganyeni na maji, mtandaze mwembamba kwenye ungo au sinia, uache kivulini kwa muda wa saa tano au juani kwa muda wa saa mbili, sumu iliyobaki inatoka na hewa. Ndipo msonge.

Mahindi yaliyonyong'onyea shambani nayo hushikwa na ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Anikeni juu ya turubai, msianike ardhini, chagueni punje zilizooza mzitupe, wala msizipeleke kwenye pombe au kwa kuku. Kwa kuhifadhi, ile mifuko ya tabaka tatu inazuia wadudu bila dawa yoyote.

Ndugu Mwenyekiti, naomba muhtasari wa leo uandike kwamba kabla ya tarehe 15 Oktoba mifereji itafungwa shuleni na zahanati, na utaje jina la atakayesimamia fedha. Kila kitongoji kiwe na siku yake ya kufukua lambo, na anayekosa alipe. Kazi za kijiji, mikutano, hata mazishi pale inapowezekana, zisipangwe kati ya saa sita na saa tisa mchana kuanzia Desemba mpaka Machi, na walimu wawaruhusu watoto kunywa maji darasani. Na kila balozi awe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao na wajawazito katika nyumba zake, awapitie kila siku jua linapokuwa kali.

Nimekuja na chupa ya lita moja, sukari, chumvi na kijiko. Nitakuwa pale mlangoni kwa darasa la tatu mpaka jioni. Kila nyumba ilete mtu mmoja achanganye kwa mkono wake mwenyewe nikimtazama, na ningependa zaidi waje kina baba.